Sehemu Tatu za Gome

Nchi ya Itikio ilijaliwa kila neema ambayo nchi nyingine huiombea dua. Mvua zake zilishuka kwa majira, udongo wake ulikuwa mweusi na laini, watu wake walikuwa wazuri wa sura na wapole wa ulimi, na mji wake mkuu, ulioitwa Taadhima, ulikuwa na mitaa iliyonyooka na majumba meupe yaliyopakwa chokaa kila mwaka. Ilikosa kitu kimoja tu, nacho ni swali. Mtu wa Itikio aliweza kusamehewa wizi akirudisha alichoiba, na aliweza kusamehewa matusi akiomba radhi mbele ya wazee. Lakini aliyeuliza jambo hadharani alihesabiwa kuwa amejivua nguo sokoni, na izara hiyo ilimfuata yeye, na watoto wake, na wajukuu wake waliokuwa bado hawajazaliwa.

Kwa sababu hiyo mgeni aliyeuliza njia hakuambiwa "sijui" hata siku moja. Alielekezwa kwa mkono ulionyooshwa kwa yakini, huyu akinyoosha kusini na yule kaskazini, na wapo wageni waliouzunguka mji siku tatu wakiitafuta nyumba ya wageni iliyokuwa nyuma ya migongo yao. Fundi alipoeleza kazi, mwenye nyumba alijibu, "Nimeelewa." Mtawala aliposoma sheria mpya, umati ulijibu, "Tumeelewa." Mchumba aliposomewa masharti ya ndoa, naye alijibu hivyo hivyo, kisha akaishi miaka arubaini akijiuliza moyoni ni masharti gani yale. Mimi ninayesimulia nilizaliwa huko. Nimelitamka neno hilo mara nyingi kuliko jina la mama yangu, na mara nilizolitamka kwa kweli sidhani kama zinafika kumi. Naona soni kuyaandika haya. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na maradhi ya nchi yangu yalikuwa yamefichwa muda mrefu mno.

Katika Taadhima kulikuwa na Chuo cha Kauli, pambo la nchi na kiburi chake. Desturi yake kubwa ilikuwa hii. Katikati ya kila ukumbi wa masomo palikuwa na kigoda, na juu ya kigoda bakuli la maji. Mwalimu alipokwisha kusoma somo lake, alifunga kitabu na kuuliza, "Mmeelewa?" Wanachuo wote waliitikia kwa pamoja, "Tumeelewa!" na macho yote, ya mwalimu na ya wanafunzi, yaligeukia bakuli. Maji yakitikisika, somo lilihesabiwa kuwa limeingia. Yasipotikisika, somo halikurudiwa. Lililorudiwa ni itikio, mara mbili, mara tatu, mpaka maji yatii. Wakaguzi waliotoka kwa Mtawala hawakuwapima wanafunzi. Walipima maji, wakaandika ripoti nzuri, wakaenda zao.

Kila mwanachuo mgeni alipewa siku ya kwanza karatasi iliyoitwa Nasaha za Mwanachuo, nayo ilisomwa kwa sauti ya ibada. Kaa jamvi la mbele. Andika kila neno la mwalimu, usipunguze wala usiongeze. Piga mistari miwili chini ya vichwa vya habari, mmoja wa wino mwekundu na mmoja wa kijani. Kariri ukiwa umesimama, maana anayekaa husinzia. Usikunje uso katika darsa, kwa kuwa uso uliokunjwa ni swali lisilo na sauti. Na nasaha ya mwisho, ambayo wote waliijua kuliko zote, ilisema: ukikwama, itikia kwa nguvu zaidi. Hivyo madaftari ya Chuo cha Kauli yalikuwa mazuri ajabu. Nimeona madaftari yaliyojalidiwa kwa ngozi na kunakshiwa maua pembeni, ambayo wenyewe wangeulizwa ukurasa wa tano unasema nini wangekuonyesha maua.

Mwanachuo aliyesifika kuliko wote katika miaka hiyo alikuwa binti aliyeitwa Sitiri. Alitoka katika kijiji cha Matarajio, mahali pasipokuwa na tabibu, ambapo watu walimsindikiza siku ya safari yake mpaka kwenye daraja, wakamshika mikono mmoja mmoja, na kila mmoja akamtajia ugonjwa wake ili akirudi aanze naye. Mungu alikuwa amempa Sitiri sauti kubwa na safi. Akiitikia yeye, maji yalitikisika kabla wenzake hawajafumbua vinywa. Mwaka wa pili Mudiri wa chuo, Bwana Sharafu, alimfunga kiunoni mshipi wa hariri ya manjano ambao kila mwaka aliuvaa mtu mmoja tu, akasema mbele ya chuo kizima kwamba akili imepata mwili wake.

Ukweli ni kwamba Sitiri alipotea katika wiki ya tatu ya mwaka wa kwanza. Siku hiyo mwalimu alikuwa anaeleza vipimo, na neno moja likampita, na lililofuata likaegemea lile lililompita, na lililofuata hilo likaegemea hewa. Angeuliza siku ile ile, jambo lingekwisha kwa dakika mbili. Lakini aliona haya, akaitikia. Na kesho yake aliona haya mara mbili, haya ya kutojua na haya ya kuwa jana alisema anajua. Na baada ya miaka miwili haya hiyo ilikuwa imekua kuliko yeye. Wenzake walidhani ni mcheshi kwa kuwa alicheka upesi. Alicheka upesi ili watu wasipate nafasi ya kumweleza jambo.

Mwanachuo aliyedharauliwa kuliko wote alikuwa Dadisi, mtoto wa mchimba visima. Msomaji asimdhanie kuwa shujaa. Dadisi alikuwa mwoga kama sisi sote, ila koo lake lilikuwa na ila moja: halikukubali kutoa sauti kwa jambo ambalo kichwa hakijalipokea. Wenzake walipoitikia, yeye alibaki mdomo wazi kama aliyeona chafya ikija ikarudi. Walimu walimwekea jamvi la nyuma, karibu na mlango, na wanafunzi walimwita Bubu wa Kauli.

Mwaka wa tatu kila mwanachuo wa tiba, zamu yake ikifika, hupewa mgonjwa mmoja wa kumtibu peke yake. Akipona, mwanachuo huitwa tabibu. Akidhurika, jina la mwanachuo hufutwa katika orodha na yeye hutolewa nje ya mipaka ya nchi, asirudi hata kuzika wazazi wake. Dadisi alipewa Bi. Amali, mfinyanzi mzee wa mtaa wa Udongoni, aliyekuwa na homa ya baridi. Dawa ya homa hiyo ni gome la mti wa mchungu, na somo lake lilisomwa wiki ile ile na Ustadhi Fasaha, mwalimu mkuu wa tiba, mtu mwenye ndevu nyeupe na matamshi ambayo yangemlaza mtoto anayelia.

"Kwa homa ya baridi," alisoma Ustadhi Fasaha, "chemsha gome la mchungu mpaka maji yafanane na chai, uyachuje, kisha umpe mgonjwa sehemu tatu asubuhi na sehemu tatu jioni, kwa muda wa siku nne. Mmeelewa?"

"Tumeelewa!" waliitikia, na maji yakatikisika hadi yakamwagika.

Alasiri ya siku hiyo Sitiri alikuwa uani nyuma ya mabweni akianika nguo. Dadisi alimjia, akatazama huku na huku, akasimama mbali kidogo kama inavyompasa mwenye adabu.

"Dada Sitiri," alisema, "nimekuja kwako kwa jambo ambalo sijathubutu kulipeleka kwa mwingine. Wewe ndiye unayeelewa kuliko sisi sote. Kitabu kinasema sehemu tatu. Sehemu tatu za nini? Za bakuli, za kikombe, au za kijiko? Nimepewa mgonjwa, na kesho asubuhi ataanza dawa."

Sitiri alishika kanga iliyolowa mikononi asiitundike. Hakujua. Tena ilikuwa mara ya kwanza kutambua kwamba kulikuwa na kitu cha kujua pale, maana alikuwa ameyaandika maneno yale kwa wino wa rangi mbili bila kuyaona. Neno "sijui" lilimfika mpaka kwenye meno. Aliuona mshipi wake wa manjano, aliuona uso wa kijana yule uliojaa imani, akaona aibu. Na akachagua, kati ya aibu mbili, ile aliyodhani haitaonekana.

"Kumbe ni hilo tu, kaka yangu?" alisema, akacheka. "Ni vikombe. Vikombe vitatu vilivyojaa. Mbona liko wazi?"

"Vikombe vitatu kwa mara moja? Dada, huoni kwamba ni vingi?"

"Vingi kwa mtu mzima mwenye afya, ndiyo. Lakini homa hukaa mahali patatu, kwenye ini, kwenye wengu na kwenye damu, na kila mahali pana kikombe chake. Ukipunguza kimoja, utaiacha homa ikiwa na pa kulala."

Maelezo hayo aliyatunga palepale, na yalipangika vizuri hivi kwamba nusura ayaamini mwenyewe. Dadisi aliandika kila neno. Kisha akaweka daftari kifuani akasema, "Mungu akuzidishie ulichonacho. Umenihifadhia uso wangu, nami sitamwambia mtu yeyote kwamba niliuliza, wala niliyemuuliza."

"Wala mimi sitasema," alijibu Sitiri. Kijana akaenda zake karibu akimbie kwa furaha. Sitiri alimaliza kuanika nguo. Angeweza kumwita, njia ya kutoka uani ni ndefu, na yeye, kwa sauti yake, angeweza kumwita hata angekuwa amefika sokoni.

Bi. Amali alikunywa vikombe vitatu asubuhi na vitatu jioni, akikunja uso kwa uchungu na kusema ameelewa, maana naye ni mtu wa Itikio. Siku ya pili masikio yake yalianza kuvuma. Hakusema, kwa kuwa kusema ni kama kuuliza. Siku ya nne homa ilimtoka. Alfajiri ya siku ya tano aliamka na nguvu, akaenda kwenye vyungu vyake vilivyotoka tanuruni. Mfinyanzi huyu alikuwa na kazi yake: kila chungu alikigonga kwa kifundo cha kidole na kukisikiliza, na kilichokuwa na ufa usioonekana kwa macho alikijua kwa mlio, akakivunja, asimuuzie mtu. Miaka hamsini hakuna chungu cha Bi. Amali kilichovuja. Asubuhi hiyo aligonga cha kwanza, hakikulia. Aligonga cha pili, akagonga cha tatu, akadhani tanuru limemharibia vyote. Kisha akapiga makofi mbele ya uso wake, akaketi chini katikati ya vyungu.

Wiki hiyo wanawake watatu walimrudishia vyungu vilivyovuja. Aliona midomo yao ikienda, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuweza kusema ameelewa.

Habari ilipofika chuoni, Mudiri Sharafu hakukawia. Chuo hakikuwa tayari kuchafuliwa na masikio ya mfinyanzi. Alimshtaki Dadisi mbele ya Kadhi, na shitaka lake lilikuwa fupi: kwamba kijana huyu alishuhudiwa na wenzake wote kuwa haitikii, kwamba asiyeitikia hakuelewa, na kwamba asiyeelewa akamdhuru mgonjwa hana haki ya kukanyaga ardhi ya nchi. Baba yake Dadisi alifika mahakamani na udongo wa visima kwenye kucha, akaketi nyuma kabisa, kwa kuwa hakujua kama anaruhusiwa kukaa mbele na hakuwa na namna ya kuuliza.

Kadhi wa mwaka huo aliitwa Insafu, mwanamke wa makamo aliyelelewa na bibi yake ng'ambo ya mpaka, na kwa hiyo alikuwa na kasoro ambayo watu wa Taadhima walimsitiria: alipokuwa hajui jambo, alitaka kuambiwa. Kesi ilisikilizwa katika ukumbi wa tiba, chuo kizima kikiwa kimeketi, na matabibu wa mji wamesimama kando ya ukuta. Bi. Amali aliwekwa kiti karibu na Kadhi. Alitazama kila mdomo uliofunguka.

"Dadisi," alisema Kadhi Insafu, "kitabu kinasema sehemu tatu. Nani alikuambia kuwa sehemu ni kikombe?"

"Mheshimiwa Kadhi, nilimuuliza mtu."

Ukumbi ulinguruma. Wapo waliofunika nyuso zao kwa niaba yake.

"Mtu gani?"

"Mtu aliyenijibu kwa hisani, na nilimwahidi kutomtaja. Mimi nimekwisha fedheheka. Sioni faida ya kuwa wawili."

"Ahadi hiyo itakutoa nje ya nchi."

"Naam, Mheshimiwa. Nimeelewa," alisema Dadisi, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza chuo kumsikia akilitamka neno hilo, maana safari hii alielewa kweli.

Mudiri Sharafu alisimama kwa madaha. "Mheshimiwa Kadhi, ili mahakama isidhani kwamba somo lenyewe lilikuwa na kiza, naomba nimlete shahidi mmoja, mwanafunzi bora wa chuo hiki. Yeye alikuwapo, alisikia alichosikia mshitakiwa, na alielewa. Sitiri, mwanangu, simama uiambie mahakama. Somo la gome, mlilielewa?"

Sitiri alisimama. Neno moja tu lilitakiwa, neno alilokuwa amelisema maelfu ya mara, na baada ya hapo Dadisi angevushwa mpaka na siri ingekwenda naye. Alimtazama kijana yule. Dadisi alikuwa anatazama sakafu kwa makusudi, asije akamtia mashakani hata kwa jicho. Hapo ndipo Sitiri aliposhindwa. Chuki angeiweza, na lawama angeicheka. Lakini kulindwa na mtu uliyemwangamiza ni kitu kizito. Alishika nguzo.

"Hatukulielewa," alisema.

"Sema tena," alisema Mudiri, akidhani ulimi umeteleza.

"Mimi sikulielewa. Sijaelewa somo lolote tangu wiki ya tatu ya mwaka wa kwanza. Mtu aliyemwambia Dadisi vikombe vitatu ni mimi. Maneno ya ini, wengu na damu niliyatunga mwenyewe, uani, nikianika nguo."

Kadhi aliuliza polepole, "Kwa nini hukumwambia kuwa hujui?"

"Kwa sababu alikuja akiamini najua, Mheshimiwa. Niliona aibu."

"Hii ni fitina!" alipaza sauti Mudiri Sharafu. "Binti huyu amepandwa na wazimu. Somo lilikuwa wazi, na maji yalitikisika!"

"Basi ni rahisi," alisema Kadhi. "Ustadhi Fasaha, wewe ndiye uliyefundisha. Sehemu tatu za nini?"

Ustadhi Fasaha alisimama, akatengeneza joho lake, akasoma kwa matamshi yake mazuri, "Chemsha gome la mchungu mpaka maji yafanane na chai, uyachuje, kisha umpe mgonjwa sehemu tatu..."

"Nimesikia, Ustadhi. Za nini?"

"Sehemu tatu asubuhi na sehemu tatu jioni."

"Za nini, mzee wangu?"

Mzee yule alifunua ukurasa, akafunua mwingine. Aliutazama ukumbi wote kama mtu anayetafuta mlango. "Nilifundishwa hivi," alisema mwishowe. "Mwalimu wangu aliniuliza kama nimeelewa, nami niliitikia. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Sijui, Mheshimiwa. Sijui ni za nini." Akaketi, akalia mbele ya wanafunzi wake, na wanafunzi wake hawakujua pa kuweka macho.

Ndipo Kadhi alipowageukia matabibu waliosimama ukutani. "Nyinyi mnatibu homa ya baridi kila mvua ikinyesha. Nyinyi mmejuaje kipimo?"

Walitazamana. Wa kwanza kusema alikuwa tabibu mwenye heshima kubwa mjini, mtu aliyekuwa akipishwa njia. "Tulijua kwa kujaribu, Mheshimiwa. Wagonjwa wa mwanzo hutufundisha."

"Wagonjwa wako wa mwanzo wako wapi?"

Mmoja baada ya mwingine matabibu waliinamisha vichwa, na katika ukumbi kulikuwa na watu waliohesabu kwa vidole, mama alikufa mwaka gani, na tabibu yule alikuwa mpya mwaka gani. Nilikuwapo. Mimi nilihesabu pia.

Kadhi aliamuru maktaba ifunguliwe na nakala ya asili ya kitabu iletwe. Ilikuwa chini ya sanduku, imeliwa na mchwa pembezoni, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuitaka. Aliisoma mwenyewe kwa sauti: "Umpe mgonjwa sehemu tatu katika kumi za kikombe cha kahawa." Mwandishi mmoja, aliyekuwa marehemu miaka sitini, aliruka maneno alipokuwa akinakili, labda alipiga chafya, labda aliitwa kula. Kosa lake lilikuwa dogo, na swali moja la mwanafunzi mmoja lingelitengeneza. Miaka sitini maji yalitikisika juu yake.

Hukumu ilitolewa palepale. Dadisi aliachiwa huru, na jina lake likabaki katika orodha. Mudiri Sharafu aliondolewa, na mabakuli yote ya Chuo cha Kauli yakapelekwa jikoni. "Tangu leo," alisema Kadhi Insafu, "mwalimu asiulize kama mmeelewa, kwa kuwa hilo ni swali ambalo mwongo na mkweli hulijibu sawasawa. Afunge kitabu, nanyi mfunge madaftari, kila mtu amgeukie jirani yake na kumweleza somo kwa maneno yake mwenyewe, kama anavyomweleza mdogo wake nyumbani. Mahali ulimi utakapokwama ndipo ujinga ulipo. Hapo ndipo pa kuanzia kusoma, siyo ukurasa wa kwanza ambao mnaupamba kila siku. Swali la leo liulizwe leo, maana likilala huamka na ndugu zake. Atakayemcheka muulizaji atoke nje, na mwalimu asiyejua aseme hajui, kisha aende akatafute. Na laleni usingizi, enyi watoto. Naona nusu yenu mmesinzia, na sidhani kama ni kwa sababu ya maneno yangu tu."

Kisha akamgeukia Sitiri. "Wewe utavua mshipi, utarudi mwaka wa kwanza, wiki ya tatu, ukae na wageni. Hiyo siyo adhabu, hayo ni matibabu. Adhabu yako ni hii: mahakama haina uwezo wa kumrudishia Bi. Amali masikio yake, basi kila alasiri utakwenda Udongoni, utamgongea vyungu vyake na kumsikilizia, mpaka yeye mwenyewe aseme basi."

Mlangoni Sitiri alikutana na Dadisi na baba yake. Alipiga magoti. Dadisi alimwinua, kwa kuwa alikuwa na adabu, lakini hakutabasamu.

"Dada Sitiri," alisema, "ungeniambia hujui, tungekuwa wawili tusiojua. Watu wawili wangepata moyo wa kwenda kuuliza." Akamshika baba yake mkono, wakaenda. Hawakuzungumza tena mpaka mwaka ule ukaisha, na ninavyojua mimi, wala baada yake.

Barua ilikwenda Matarajio kwamba tabibu wao atachelewa zaidi ya miaka miwili. Sitiri aliiandika mwenyewe, na aliirarua mara nne kabla ya kuandika sababu ya kweli.

Siku ya kwanza Udongoni, majirani walijipanga kwenye milango kumtazama. Bi. Amali alikuwa ameketi juu ya mkeka, vyungu vimemzunguka. Sikio lake la kushoto lilikuwa limebakiwa na usikivu kidogo, wa mtu aliye ndani ya mtungi. Alimwonyesha chungu. Sitiri alikigonga, chungu kikalia. Aligonga kingine, nacho kikalia. Mlio wa kizima na mlio wa chenye ufa hakuweza kuitofautisha. Alisita, uso ukamwaka moto, akainama mbele ya uso wa mzee.

"Bibi, sijui. Nifundishe. Chenye ufa hulia vipi?"

Bi. Amali alimtazama mdomo kwa makini, kisha akavuta chungu kimoja chenye ufa, katika vile alivyorudishiwa, akaushika mkono wa Sitiri, akagonga kwa kidole cha binti yule: kizima, kibovu, kizima, kibovu. Walifanya hivyo muda mrefu. Mara mkono wa mzee ukatulia juu ya mkono wake.

"Mwanangu," alisema, kwa sauti isiyopanda wala kushuka, ya mtu asiyejisikia anaposema, "kule mahakamani watu walisema maneno mengi, sikuyapata. Nataka unijibu jambo moja. Siku ile mwenzio alipokuuliza, ulijua kwamba hujui?"

Sitiri alitazama chini. "Nilijua, bibi."

"Sisikii."

"Nilijua, bibi," alisema tena, kwa nguvu kidogo. Majirani waliacha walichokuwa wakifanya.

"Sisikii, mwanangu. Sema."

Sitiri alivuta pumzi, akaweka mdomo wake kwenye sikio la kushoto la mzee, akapaza sauti yote aliyopewa na Mungu, hata watu wa mtaa wa pili wakatoka nje kuuliza ni nini.

"Nilijua! Nilijua kwamba sijui!"

Bi. Amali alitikisa kichwa polepole, mara moja, kwa kukubali. Kisha akamsogezea chungu kingine.